Seattle Si Keroka

Mama na Tata, pamoja na majirani mtakaosomewa hii,

Nimepata ujumbe wa Tata kwamba nipitie kwa mtoto wa mjomba kule Seattle tuzungumze mambo ya shamba, "maadamu nyote mko huko Marekani." Tata, nimecheka mpaka mzee ninayemhudumia usiku akaamka kuuliza kuna nini.

Mimi niko Brooklyn Park, kando ya Minneapolis. Wakisii tumejaa hapa kiasi kwamba ukisalimia "bwakire" dukani, hukosi mtu wa kugeuka. Labda ndiyo sababu mnadhani Marekani yote ni boma moja. Kutoka hapa hadi Seattle ni zaidi ya kilomita 2,600. Toka Kisii mjini uende Mombasa, urudi, uende tena, na bado hujafika. Dallas nako, mnakonilaumu kwa kukosa harambee, ni kilomita kama 1,500: Mombasa kwenda na kurudi. Na hakuna Probox ya kukubeba kwenye buti.

Jirani aliuliza kama ndege ilinichosha. Nairobi hadi Amsterdam ni saa nane hivi, kisha nyingine nane na ushee hadi Minneapolis. Oktoba 2018 Kenya Airways walianza kwenda New York bila kutua njiani, saa kama 15, lakini kushushwa New York ukija kwangu ni kama kushushwa Narok ukaambiwa hiyo ndiyo Nyamira. Hata hivyo, safari iliyonimaliza ni ya kutoka nyumbani hadi Nairobi. Pale Keroka mama mmoja alinipakata mtoto wake bila kuniuliza jina, akasinzia mpaka Bomet. Mtoto alikuwa na muwa. Nilifika uwanja wa ndege suruali imeganda magotini kwa utamu. Ndani ya ndege niliketi na bwana mmoja saa zote nane, hata salamu hakutoa. Nilimkumbuka yule mtoto.

Halafu kuna saa. Mama akimaliza kukama ng'ombe, saa mbili asubuhi, ananipigia. Hapa ni saa tano usiku, tena wa jana, na nimemshika mzee wa watu mkono nampeleka msalani. Mnanipigia kutoka kesho! Machi hawa watu husogeza saa mbele, tofauti yetu ikawa saa nane badala ya tisa, Novemba wanairudisha. Tata aliuliza ni nani aliyewapa ruhusa. Nimeuliza kazini, hakuna anayejua.

Umbali wenyewe hapa haupimwi kwa kilomita. Ukiuliza mahali, unaambiwa "dakika ishirini," na theluji ikianguka dakika hizo zinazaa. Kule kwetu mtu angenyoosha kidevu tu, aseme "hapo," nawe utembee mpaka jioni.

Kwa hiyo Tata, huyo wa Seattle mpigie simu.

Mama, nimesikia kuna mtu wa Nyansiongo anasafiri Desemba. Mpe mboga ya chinsaga iliyokaushwa, uifunge vizuri isinukie watu. Anashukia Dallas, lakini si neno. Ni hapo tu, nitaipitia.

Mwanenu.