Kahawa ya Msafiri

Katika majumba yote aliyoyajenga binadamu kwa ajili ya kungoja, sijui lililotimiza masharti ya kunywea kahawa kama uwanja wa ndege. Kwani viti vimo, wasaa umo, watu wenye habari za mbali wamo, na kazi ya kufanya haimo. Ajabu ni kwamba kahawa yenyewe, ile iliyochomwa ikatwangwa, kisha ikachemshwa taratibu hata ikaiva, aghalabu ndiyo haimo.

Mwuza kahawa wa mitaa ya pwani, apitaye na dele lake juu ya makaa huku akigonganisha vikombe ili walio ndani wajue kwamba amewasili, haruhusiwi kuukaribia mlango wa abiria. Hukomea nje, chini ya mwarobaini, ambako madereva wa teksi, wasio na safari yoyote ya angani, hunywa kahawa chungu yenye tangawizi kwa shilingi chache, wakatafuna kashata na kuzihukumu serikali za dunia kwa insafu kubwa. Msafiri, aliyekwisha kutoa fedha nyingi kwa tikiti, huwapita akikokota sanduku lake, asithubutu kusimama, maana ameamriwa afike mapema ili apate kukaa bure.

Katika kiwanja kimoja cha mwambao wetu, ambacho sitakitaja kwa kuwa bado nahitaji kukipitia, nilikuta ndani duka lenye mashine ya kung'aa, na ukutani picha ya Mlima Kilimanjaro. Ni mlima ule ule ambao mapadri walipanda mikahawa kwenye miteremko yake, huko Kilema, mwaka 1898, na ambao wakulima wake waliunda chama chao cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Chini ya picha hiyo, binti mwenye adabu nyingi alinieleza kwamba mashine ni mbovu, akachana kipakiti cha unga uliotoka ng'ambo, akaukoroga katika maji yaliyopata kuwa moto hapo kale, kisha akanitajia bei ambayo mkulima wa Kilema angeidhani ni ya gunia.

Niliporejea na kumsimulia dada yangu mkubwa, mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, asiyekubali kushindwa na dola yoyote katika mambo ya jikoni, hakusema neno. Ila safari iliyofuata alinipakilia chupa ya chai iliyojaa kahawa, akaikaza kifuniko kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee," alisema afisa wa ukaguzi.

"Marahaba, mwanangu."

"Hii haipiti."

Akanifahamisha kwa taadhima kwamba tangu mwaka 2006, ilipogunduliwa Uingereza njama ya kulipua ndege kwa vitu vya majimaji, chombo chenye majimaji kipitacho mililita 100 hakiingii ndegeni mkononi mwa abiria. Na kuhusu nguvu za kahawa ya dada yangu, sikuweza kumwapia kwamba haina madhara. Akanionyesha pipa. Nikafungua kifuniko, na harufu ya tangawizi na iliki ikaenea katika safu nzima ya watu walioamshwa kabla ya alfajiri.

"Usimwage, bwana," akasema mzee mmoja mwenye kanzu nyuma yangu. "Neema haimwagwi."

Basi kifuniko kikawa kikombe, kikapita mkono kwa mkono. Mama mmoja akafungua kikapu chake akatoa visheti. Mwingine akauliza bei ya karafuu. Kijana aliyeshika mshipi wake mkononi akaleta habari za mpira, akapingwa papo hapo. Na kwa kuwa sote tulikuwa tumekwisha kuvua viatu kwa amri ya serikali, baraza letu halikupungukiwa ila na mkeka.

Afisa naye, ambaye kwa mujibu wa kazi yake hana budi kukagua kila kitu, alikagua sehemu yake mpaka kwenye mashapo. Chupa ikapita mtamboni ikiwa tupu, na sheria ikatimia bila kasoro.

"Mzee," akaninong'oneza akinirudishia chupa, "safari nyingine, kabla hujakata tikiti, uliza kwanza kama niko zamu."