Lala, Seva Itajifanyia

Hongera, ndugu. Umechoka kuingia kwenye seva kila usiku kupiga amri zile zile, na sasa kazi unaiachia cron, programu inayoendesha amri kwa ratiba. Fuata maelekezo haya. Hutajuta mpaka kesho asubuhi.

Bosi anataka bakapu ya data ichukuliwe saa nane usiku. Mahali pa saa andika 8. Kwani nane si nane? Tatizo cron haijui Kiswahili. Kwake 8 ni saa mbili asubuhi, tena kwa saa za UTC kama seva nyingi zilivyowekwa, nasi Afrika Mashariki tumezitangulia kwa saa tatu. Bakapu itaanza saa tano asubuhi, wateja wamejaa kwenye mfumo. Mjuaji mmoja atakuja kukusahihisha uandike 2, nayo itaanza saa kumi na moja alfajiri. Jibu lenyewe ni 23, lakini usimwambie mtu.

Mahali pa dakika weka nyota, inapendeza. Ukiandika * 23 * * * skripti itaendeshwa kila dakika ya saa hiyo, yaani mara 60. Kama kazi yake ni kuwatumia wadaiwa SMS za kuwakumbusha, hakika watakukumbuka.

Ufunguo wa SSH ambao skripti itautumia kuingia seva nyingine usiuwekee nenosiri, maana nani ataamka usiku kuliandika? Upe ruhusa za root kwenye seva zote, kisha mtumie mwenzako nakala kwa WhatsApp.

Kufuta mafaili ya zamani ni mstari mmoja tu: rm -rf "$FOLDA"/*. Usihangaike kuangalia kama $FOLDA ina kitu ndani. Ikiwa tupu, amri inaanza kufuta kutoka mzizi wa diski. Steam ya Linux, programu ya michezo ya kompyuta, ilikutwa na kosa la namna hii mwaka 2015, mafaili ya watu yakaenda.

Skripti ikigoma, hakuna atakayekusumbua. Cron haisomi mipangilio ya akaunti yako, hivyo programu uliyozoea kuiita kwa jina huenda isiione kabisa. Malalamiko yake, yakipelekwa popote, huishia kwenye sanduku la barua lililomo humo humo kwenye seva, ambalo hujawahi kulifungua.

Siku ukitaka kurekebisha ratiba, amri ni crontab -e. Ile ya crontab -r inafuta ratiba nzima, bila kuuliza. Angalia kibodi yako: E na R ni majirani.