Mada ni Ndege, Ndugu Zangu

Maelezo ya kundi letu la WhatsApp yameandikwa kwa herufi kubwa: HAPA NI NDEGE ZA MODELI TU. Chini yake admini ameweka vighairi. Msiba unaruhusiwa, maana hakuna mwenye akili timamu atakayemwambia mfiwa kuwa ametoka nje ya mada. Baada ya msiba ikaongezwa harusi, kwa kuwa waliochanga kwenye misiba walisema na wao wanaoa. Kisha ugonjwa. Kisha kipaimara. Kisha mechi ya Simba na Yanga, ila siku yenyewe na kesho yake basi. Sasa vighairi vimekuwa virefu kuliko kanuni, na ndege imebaki kwenye picha ya kundi.

Wengi wetu ni wa Mlandege na mitaa ya jirani hapa Iringa, wachache wako Mbeya, Soweto na Uyole. (Mzaha wa jina la Mlandege na ndege nauruka, umepigwa kwenye kundi mpaka admini akaupiga marufuku.) Yupo fundi redio, wapo walimu, vijana wa chuo, dereva wa lori, na dada mmoja muuza nyanya aliyeingizwa na mtu aliyekosea namba, akabaki kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe, tunamchekesha.

Adui wa kwanza wa mada ni adabu. Kijana hawezi kuibuka tu na kuuliza uzito wa ndege utulie wapi. Lazima aanze: "Shikamooni wakubwa, poleni na majukumu." Wakubwa wanaitikia mmoja mmoja, marahaba juu ya marahaba. Mzee wa Kihesa anaitikia kwa sauti ya kurekodi, nyuma jogoo anawika. Wa Mbeya wanatia "ndaga fijo", wa kwetu "kamwene". Swali likija kukumbukwa limeshafukiwa, na kijana keshagundisha bawa kwa kukisia. Na jibu lenyewe wala si refu: kwa bawa la kawaida lililonyooka, pima kutoka ukingo wa mbele, uzito utulie kwenye robo ya upana wake, ukizidi sana theluthi. Ukiupeleka nyuma zaidi, ndege inanyanyua pua, inasita, inadondoka.

Halafu kuna yale ya betri. Mwezi wa saba, baridi imekolea, mwalimu mmoja aliandika: "Wakuu, imevimba tena, na wiki hii sijaitumia kabisa." Alikuwa na betri ya lithiamu mkononi. Picha nayo aliituma, lakini bando lilikata njiani, yakafika maneno peke yake. Muuza nyanya alikuwa wa kwanza kumhurumia: "Pole mwalimu. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na usiku ulale umeiweka juu ya mto."

Hapo kundi likafunguka. Mmoja alisema ni presha, mwingine akalaumu viatu vya mtumba, wa tatu akaleta mzizi anaoujua bibi yake. Mwalimu alimshukuru kila mtu, maana ni mpole, akazima simu.

Cha ajabu, dada yule alikuwa amekaribia shabaha bila kujua. Warusha ndege za modeli wengi huko duniani wamezoea kuzamisha betri iliyovimba kwenye maji ya chumvi ili umeme uishe kabla ya kuitupa, ingawa wengine wanaona heri kuuvuta kwanza kwa taa ya gari. Lililobaki ni lile la mto: betri iliyovimba hailazwi kitandani, inawekwa nje, mbali na kitu chochote kinachoshika moto. Na kama mwalimu angeitunza ikiwa na volti 3.8 kwa kila seli, badala ya kuijaza hadi 4.2 na kuisahau kabatini, huenda isingevimba mapema hivyo. Hayo yaliandikwa pia, na fundi redio, katikati ya ule mzizi na bei yake.

Admini amejaribu kila dawa. Alifunga kundi waandike maadmini tu. Tukabaki kusoma mawazo yake peke yake, nayo yakahama taratibu kutoka kwenye propela kwenda kwenye bei ya mbolea. Alimtisha mtu kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kisa katangaza vifaranga. Mwisho akafungua kundi la pili, la ndege tupu bila vighairi. Tuliingia wote. Akaandika "Karibuni", tukaweka vile viganja vilivyounganishwa, kikawa kimya. Baada ya muda mrefu mtu akauliza kama hilo kundi bado lipo. Akajibiwa marahaba.

Mimi sioni ajabu. Nani ana mambo ya ndege ya kusema kila siku? Ndege inaundwa kwa miezi na kuanguka kwa sekunde. Katikati hapo watu wanaishi. Mjadala bora kabisa tuliowahi kuwa nao ulihusu mwinuko wetu: Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ya pwani, kwa hiyo ndege iliyopaa vizuri Kigamboni hapa inabidi ikimbie zaidi ndipo inyanyuke. Ulichambuliwa mpaka ukaisha, tukiwa kwenye michango ya send-off ya binti wa mzee wa Kihesa, kati ya ahadi ya mbuzi na ahadi ya turubai. Ukitaka kuupata, tafuta neno "mbuzi".

Juzi juzi tulikwenda upande wa Kalenga. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwa ndege za rimoti bado tunakifuatilia, kwa hiyo tulibeba ya kurusha kwa mkono, isiyo na mota: mbavu za mwanzi, ngozi ya lile povu jeupe linalokuja na boksi la televisheni. (Kwenye kundi, swali la mwanzi upi ni mwepesi liliishia kwa nani ana ulanzi mtogwa.) Ilipaa vizuri, ikapinda na upepo, ikazama kwenye mahindi ya watu. Tuliingia kuitafuta, nikaipiga picha palepale, bawa moja limevunjika, nikaituma.

Jibu la kwanza lilitoka Mbeya: kama mko Kalenga, fuvu la Mkwawa mmeliona? Wakabishana kama lilirudishwa mwaka 1954 au baadaye, mpaka mwalimu akathibitisha ni 1954. Jibu la pili lilitoka kwa muuza nyanya, aliyekuwa ameikuza picha. Bawa hakuligusia. "Hayo majani yameliwa na viwavijeshi. Mwenye shamba anajua?" Ikawa ni dawa za kupulizia mpaka usiku.

Mwenye shamba hakujua. Ila dereva wa lori alilitambua shamba, ni la shemeji yake, akamwingiza kwenye kundi tumalizane naye habari ya mahindi tuliyoyakanyaga. Admini akamkaribisha kwa kumsomea kanuni yote pamoja na vighairi. Shemeji kaishika kuliko sisi. Hachangii mpira, hachangii vifaranga, hasemi marahaba. Kila asubuhi anauliza jambo moja: ile ndege inaruka tena lini, na upepo siku hiyo utavuma kuelekea wapi, ili ajue aanze kuvuna upande gani.