Waya wa Intaneti na Kitochi cha Shemeji

Vijana waliotufungia intaneti waliacha kipande cha waya wa buluu nyuma ya kochi. Shemeji yangu, ambaye ni fundi kwa sababu aliwahi kufungua redio na ikafungika tena, alikiokota akakipima kwa mkono. "Shem, humu ndani ni shaba tupu! Madukani wanatuuzia nyuzi mbili kwa bei ya mbuzi." Hapo hapo ikaamuliwa kwamba waya wa kutoka kwenye televisheni kwenda amplifaya, ule wa vichwa vyekundu na vyeupe, umepitwa na wakati.

Ukiuchuna waya huo unakuta nyuzi nane zilizosokotwa mbilimbili: buluu, chungwa, kijani na kahawia, kila rangi na mwenzake mweupe mwenye mistari. Zinapendeza, na tungeishia kuzitazama. Lakini Shemeji alishaanza kuzimenya kwa meno ili azilehemu kwenye vichwa vile vyekundu na vyeupe. Lehemu huyeyuka kwenye nyuzijoto karibu 190, na plastiki ya nyuzi hizi haina subira hiyo. Lehemu iliposhika, plastiki ilikuwa imerudi nyuma na kuacha shaba uchi. Mke wangu alifungua madirisha yote bila kusema neno, na yeye si mtu wa kukosa neno.

Muziki ulitoka, tena vizuri. Shemeji alidai anamsikia mpiga ngoma akipumua. Mimi nilisikia mngurumo mzito wa umeme wetu wa hezi 50, halafu ghafla: trrt-trrt-trrt! Sekunde chache baadaye kitochi chake, kilichokuwa juu ya amplifaya, kikaita.

Kusokota nyuzi si urembo. Alexander Graham Bell alipata hataza ya usokotaji huo mwaka 1881, kwa ajili ya simu. Kelele huingia sawasawa kwenye nyuzi zote mbili, na kifaa cha upande wa pili, kwa kuwa hupima tofauti kati yao, huifuta. Amplifaya yetu haina utaratibu huo: uzi mmoja ni wa sauti, mwingine ni wa ardhi, basi. Na waya wenyewe hauna ganda la chuma la kuukinga. Simu ya 2G kama kitochi hicho hutuma mawimbi kwa vipande, 217 kila sekunde, na sebule nzima ikavipokea.

Watoto walifurahi kuliko wote. "Mjomba, unapigiwa!" wanapiga kelele kabla hakijaita. Shemeji akakizima sauti kitochi. Spika haikuzimwa. Saa tano usiku, taarifa ya habari ikiendelea: trrt-trrt-trrt. Mke wangu akageuka taratibu. "Nani huyo, mdogo wangu?" "Mtandao tu, dada." Ukaunguruma tena. Siku hizi Shemeji anatazamia habari jikoni.

Ndani ya kila uzi shaba ni moja, ngumu, ya nusu milimita, haipendi kukunjwakunjwa. Dada wa kazi alisogeza meza afagie, spika ya kushoto ikanyamaza.

Wewe mwenye kipande kama hicho na hamu ya kujaribu, tafuta wenye karatasi ya chuma ndani, uiunganishe na ganda la kichwa, na meza isisogezwe. Na kama nyumbani kuna shemeji anayepigiwa simu usiku, mwonye mapema.