Utukufu wa Kitegemezi

Custom hakuna uhaba wa vitu vya kulaumiwa. Kuna vumbi, kuna bei ya dola inayobadilika kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, kuna mwenye boda boda anayekata kona bila kugeuza hata shingo. Vijana wanaoandika programu za simu nyuma ya maduka ya eneo hili la Juba wameongeza cha kwao: kitegemezi, yaani maktaba ya programu iliyoandikwa na mtu baki, huko mbali, ambayo usipoitaja kwenye faili la build.gradle kazi yako haijengeki. Hulaaniwa kwa Kiarabu cha Juba, kwa Kiganda na kwa Kiswahili. Sijasikia hata mmoja akikisemea. Basi nakisemea mimi.

Kwanza, adabu. Kitegemezi hudai mambo matatu tu: jina la ukoo, jina lake chenyewe na namba ya toleo, yakitenganishwa kwa nukta mbili. Andika joda-time:joda-time, ongeza namba, umemaliza. Hakitaki barua ya mwenyekiti wa mtaa wala picha mbili za pasipoti, na hakikuambii urudi kesho kwa kuwa mkubwa yuko mkutanoni. Ofisi gani kutoka Juba mpaka Dar es Salaam imewahi kuridhika na mstari mmoja? Kweli, ukikosea herufi moja unajibiwa kwa ukurasa mzima wa maandishi mekundu, na sentensi yenye maana imezikwa katikati. Hilo nalo ni jema. Kijana ambaye hajawahi kusoma mkataba wake wa nyumba hadi mwisho utamkuta ameyainamia maandishi hayo, kidole kwenye kioo, midomo ikicheza, akiyapitia neno kwa neno. Ni walimu wangapi waliofaulu kumfikisha hapo?

Pili, ukarimu. Umemwalika mmoja, naye anabisha hodi na wajomba, mashemeji na watoto wa mashemeji, maana kila kitegemezi kina vitegemezi vyake, na hivyo vina vyao. Mgeni njoo mwenyeji apone, tuliambiwa. Idadi ya wageni haikutajwa. Raha huzidi pale jamaa wawili wanapomtaka mtu yuleyule wa tatu, mmoja akimtaka wa toleo la zamani na mwenzake wa toleo jipya. Gradle, chombo cha kujengea programu, isipoelekezwa vinginevyo, humpa nafasi mwenye namba kubwa. Maven, chombo kingine cha kazi hiyohiyo, humpa aliye karibu zaidi na mwenye nyumba. Hiyo ni mifumo miwili kamili ya utawala, na msomaji wa ukanda wetu ataamua mwenyewe ni upi anaoufahamu zaidi.

Kuhusu mapumziko kinayotupatia sitasema mengi. Kampuni ya Liquid ilifikisha mkongo wake wa intaneti Juba mwaka 2020, lakini mkongo hauwashi jenereta, na bando likikata maktaba ikiwa nusu njia, hakuna wa kulaumiwa. Asilimia imeganda kwenye kioo. Fundi ameganda kwa mama chai. Bosi akipiga simu, jibu ni moja: "Bado inashuka, mzee." Huo ni udhuru unaoheshimiwa kuliko malaria. Na kijana aliyewahi kufanikiwa kushusha kila kitu huibeba folda nzima ya .gradle kwenye flashi, akapokewa vibanda vitatu mbele kwa taadhima ambayo hata mbunge haipati.

Wapo watakaonitupia msemo wa wahenga kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wahenga hawakuwa na mshahara wa kuandika programu. Mshahara huo wote hupatikana kwa kutegemea cha nduguyo, tena ndugu usiyemjua, asiyelipwa, ambaye siku akikasirika dunia hutikisika. Machi 2016 Azer Koçulu, akiwa ameudhika kwa mzozo wa jina, aliziondoa maktaba zake kwenye ghala la npm. Mojawapo, left-pad, ilikuwa na mistari 11 tu na kazi yake ni kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Miradi mikubwa ya JavaScript ikashindwa kujengeka kila pembe ya dunia. Wenzangu huitaja kama aibu. Mimi naiona ni haki: angalau siku moja, tajiri wa California na fundi wa Custom walitazama maandishi mekundu ya aina moja, kwa saa zilezile.

Saa, naam. Hapa ndipo kitegemezi kinapostahili ngoma.

Sudan Kusini ilikuwa katika saa moja na Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Januari 2021 serikali ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Februari nchi itarudi nyuma saa moja. Jua liliunga mkono: kwa mahali Juba ilipo, saa hizo mpya ndizo zinazoliweka utosini karibu na saa sita mchana. Lakini simu haitazami jua. Simu, benki na tiketi hutazama jedwali la majira ya dunia, kazi iliyoanzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980 na kuendelezwa na Paul Eggert huko California pamoja na watu wa kujitolea. Humo Juba ina jina lake, Africa/Juba. Mpaka mwaka 2017 jina hilo lilikuwa kivuli tu cha Khartoum. Khartoum ilipobadili saa zake Novemba mwaka huo na Juba ikabaki, ndipo Juba ikapewa mstari wake. Kwenye jedwali, uhuru wa mwaka 2011 ulifika mwaka 2017.

Tarehe 24 Januari 2021, siku nane kabla ya mabadiliko, toleo jipya la jedwali lilikuwa tayari. Siku nane! Lakini maktaba kama Joda-Time hubeba nakala yake ya jedwali tumboni, hivyo saa ya Juba ndani ya programu ikawa inategemea namba iliyoandikwa mwishoni mwa ule mstari wa build.gradle. Aliyeipandisha namba, programu yake iliamkia Juba. Aliyeiacha, ilibaki ilipokuwa. Na kana kwamba sherehe haijanoga, tarehe 3 Februari kampuni ya JFrog ikatangaza kulifunga JCenter, ghala ambalo Android Studio ilikuwa ikiliandika yenyewe katika kila mradi mpya. Wiki moja, kwaheri mbili.

Simu za bei nafuu ambazo mtengenezaji wake ameshazisahau hazikuletewa jedwali jipya. Dawa yake si ngumu: zima saa ya kujirekebisha, chagua Kigali au Harare, ambako saa ni hizohizo, kisha endelea na biashara. Mkazi wa Custom anaishi Juba, simu yake inaishi Rwanda, na hakuna aliyeombwa pasipoti.

Na zile programu ambazo hakuna aliyezigusa namba, zinazoendelea kuihesabia Juba saa za Kampala mpaka leo? Hizo nazisifu kuliko zote. Sudan Kusini ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 2016, ikiwa kwenye saa moja na Kenya, Uganda na Tanzania. Serikali imeshaondoka kwenye saa hiyo. Kitegemezi cha zamani bado kipo kazini, saa moja kabla ya nchi yake, kikiitumikia Jumuiya bila posho ya kikao.