Kompyuta Yapepewa, Mama Atoka Jasho

Februari ya Dar es Salaam haina huruma kwa binadamu, sembuse prosesa. Ni Februari hiyo hiyo niliyoichagua kuovakloki, yaani kuiendesha kwa kasi kuliko ya kiwandani, kompyuta yangu ya mezani, niliyoinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika, yenye Intel Core i5-2500K ya mwaka 2011. Iliyoniponza ni hiyo herufi K. Maana yake kizidisho hakijafungwa: megahezi 100 mara 33 unapata gigahezi 3.3, na mwenye kiherehere anaruhusiwa kuingia kwenye BIOS kuandika namba aitakayo. Nikaandika 44.

Theluthi nzima ya kasi, bure! Wakati huo nilikuwa na video ya sendoff ya kukabidhi, na shangazi wa bibi harusi alikuwa akinipigia simu kila baada ya swala. Kumbe hata hiyo theluthi nilijidanganya mwenyewe kwenye hesabu, kwa sababu prosesa ile ikipata kazi nzito hujipandisha kidogo bila kuombwa na mtu. Hata hivyo, kutoa video ya majaribio kulikochukua saa nzima kulishuka hadi dakika 47. Nilitembea sebuleni kama niliyeshinda uchaguzi.

Kuandika barua, hata hivyo, hakukubadilika, maana hapo kinachochelewesha ni vidole vyangu viwili. Kufungua mafaili nako vile vile. Diski yangu ya zamani iliendelea kukwaruza kama kuku jalalani.

Sasa joto. Ili prosesa isizimie kwenye mwendo ule, nilikuwa nimeipandisha volti kutoka 1.2 hadi 1.4. Inaonekana ni kidogo, lakini joto hufuata volti kwa kipeo cha pili, kwa hiyo hizo pointi mbili peke yake ziliongeza zaidi ya theluthi, juu ya lile joto la mwendo wenyewe. Kipimo kikasoma nyuzi 94. Nikafungua ubavu wa kompyuta, nikaenda sebuleni, nikachukua feni.

"Unaipeleka wapi?" Mama akauliza.

"Kuna mgonjwa chumbani, Mama."

Akanifuata. Akasimama mlangoni, kanga begani, akaitazama feni inavyolipepea boksi la bati.

"Mwanangu, mimi niliyekuzaa natoka jasho, hili limekuzalia nini?"

Sikuwa na jibu, nikamwonyesha skrini: video ya sendoff imefika asilimia 96. Tukaitazama pamoja. 97. Mama naye akaanza kunogewa, akakaa kitandani. 98. Skrini ikageuka buluu, ikaandika kizungu chake, kompyuta ikajizima na kuwaka upya. Video haikuwepo. Na simu ya shangazi hiyo hapo, inaita.

Jioni nzima nikawa fundi: napunguza namba, najaribu, inazima, naongeza volti, joto linapanda, inazima. Zile dakika 13 nilizookoa nilizilipa kwa saa tano, na mita ya LUKU ikaanza kulia. Mwishowe nikairudisha 33. Video ikatoka kwa saa moja ile ile, bila kukohoa.

Mama akaivuta feni yake hadi sebuleni. Akainama, akakuta nimeiweka namba moja.

"Namba moja ndiyo nini?" akasema, akaipeleka tatu moja kwa moja. Feni ikanguruma, ikatetemeka, ikaanza kutembea yenyewe sakafuni kuelekea mlangoni.