Kutu Yetu, Joto la Dunia: Mhadhara wa Wazi Mjini Kindu

Waheshimiwa wote, kila mtu na cheo chake, protokole yote ikiheshimiwa: Papa Shefu wa kartie, Mama Shefu, wazee wa barza, viongozi wa dini, wamotari mliozima pikipiki na nyinyi ambao bado hamjazizima, akina mama wa sombe, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kindu mliofuata elimu na mliofuata kivuli cha mwembe huu. Nawasalimu. Mimi ndiye yule aliyetangazwa tangu jana kwa kipaza sauti: Profesa wa Kujitegemea katika Baridi Linganishi, mtafiti mkuu, na hadi dakika hii mtafiti pekee, wa vipasha-mikono katika jimbo zima la Maniema. Cheo hiki sikupewa na mtu. Nilitafuta wa kunipa, nikaona hakuna anayenizidi katika fani hii. Sasa ningepewa na nani?

Nasikia minong'ono huko nyuma. Mnasema: baridi gani, na sisi tuko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, mita kama 500 juu ya bahari, jasho linatutoka hata tukiwa tumeketi? Hilo ni swali la mtu asiyesoma. Nendeni ufukweni mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya Lualaba, mwaangalie watu wanaovuka kwa mtumbwi kutoka Alunguli. Kila mmoja kajikunyata. Mwaangalie wamotari hawa hawa wanaocheka: huyu hapa amevaa koti la manyoya lililoshonwa kwa ajili ya theluji, zipu hadi kidevuni, na sasa ni saa saba mchana. Kijana, usivue. Wewe ni ushahidi.

Na ni katika koti kama hilo sayansi yangu ilipozaliwa. Nilinunua koti la mitumba hapa sokoni, nikatia mkono mfukoni, nikakuta kitu. Kipo hapa, kipitisheni taratibu. Kifuko cheupe, ukubwa wa kipande cha sabuni kilichotumika nusu, kimeshonwa kwa kitambaa kisichofumwa, chenye vitundu ambavyo jicho halivioni. Ndani ni kigumu kama tofali. Muuzaji aliniambia ni dawa ya nondo. Mtu wa kawaida angekitupa. Mimi nilikipasua kwa wembe, nikakuta unga mweusi ulioganda, pembeni mwekundu. Nikaonja kidogo. Chumvi! Msinifuate katika hilo: unga huu si chakula, na mtoto akiumeza apelekwe hospitali bila kusubiri. Mtafiti ana ulimi wa kazi.

Basi sikilizeni kilichomo, maana watu wa Bulaya hununua bila kuuliza. Mna unga wa chuma. Mna chumvi, maji kidogo, unga wa makala yaliyotayarishwa ili yawe na vitundu vingi mno, na vermikulaiti, aina ya jiwe linalovimba likichomwa na kunyonya maji. Kifuko hufungwa ndani ya plastiki isiyopitisha hewa. Siku ukiichana plastiki, oksijeni inaingia, inakikuta chuma kimelowa chumvi, na chuma kinaanza kupata kutu. Kutu, waheshimiwa! Hakuna betri wala moto wala mganga. Chuma kinachopata kutu hutoa joto siku zote, ila kwa kawaida kinatoa polepole hata hakuna anayehisi. Ukikisaga kuwa unga, kila chembe inaguswa na hewa pande zote, na kazi ya miaka inafanyika kwa saa. Kifuko kinapanda hadi nyuzi 50 na kitu, pengine zaidi, kikadumu saa nane au kumi. Kikimaliza chuma chake kinakuwa tofali. Tofali hilo mnaloshika sasa.

Historia nitaipitia mbio, jua linasogea. Wajapani ndio mabingwa. Zamani walichoma mawe, wakayafunga kwa kitambaa na kuyatia kifuani. Mwaka 1923 Matoba Niichi alitoa kipasha-mikono kinachotumia benzini na platini, benzini ikiungua bila mwali. Na mwaka 1978 kikaingia sokoni kifuko cha unga wa chuma kiitwacho Hokaron, kutoka katika ukoo wa makampuni ya Lotte. Hao Lotte ni watu wa peremende na bazoka. Dunia nzima ina viwanda vya chuma, na aliyeuza kutu ni muuza bazoka. Mimi hilo nalielewa vizuri sana. Wanaonidharau kwa kuwa naishi kwa kuuza kadi za simu na walifikirie.

Sasa, kwa nini vidole? Mwili una serikali yake. Baridi ikija, serikali inavuta damu kutoka mikoani na kuirudisha katikati, kwenye moyo na maini, ili wakubwa wasipate baridi. Vidole vinaachwa vijitegemee. (Papa Shefu, naongea juu ya mwili.) Kwa hiyo mtu mwenye vipasha-mikono viwili na kifua wazi anahangaika bure: avae kwanza kofia na koti, makao makuu yakiridhika damu itateremka yenyewe mpaka kwenye kucha.

Mtaniuliza kama Kongo yetu ina mahali panapostahili sayansi hii. Papo. Kule Goma, mlima Nyiragongo una mita 3,470. Watalii walikuwa wakilala ukingoni mwa shimo lake, chini yao lava ikichemka, na juu wao wakitetemeka ndani ya magunia ya kulalia. Ruwenzori ndio usiseme: kilele cha Margherita, mita 5,109, kina barafu ya kudumu, ingawa inapungua mwaka hadi mwaka, nacho kiko mpakani mwetu na Uganda. Na nje ya Kongo, kule Kilimanjaro, wapagazi wanavijua vifuko hivi vizuri, maana mgeni akishuka huwaachia vilivyobaki. Lakini kuna siri ambayo wageni wengi hawaambiwi. Kileleni kule, mita 5,895, oksijeni anayoivuta mtu kwa pumzi moja ni kama nusu ya ile ya pwani. Kifuko nacho kinapumua! Mtu akiishiwa pumzi, kifuko kinaishiwa vilevile, kinakuwa vuguvugu tu. Ukikibana ndani ya glavu iliyokaza, unakinyonga. Kitoe, kitikise, kipe hewa, kirudishe.

Kijana wa shati jekundu anauliza kama nimewahi kufika huko. Sijafika. Anayefika anaona mlima mmoja. Mimi nimekaa hapa nikaiona yote.

Sasa jaribio. Mpwa wangu yuko Winnipeg, Kanada, ambako usiku wa Januari nyuzi 20 chini ya sifuri si habari ya kumpigia mtu simu. Alinitumia kifuko kizima, hakijafunguliwa, kwa mkono wa msafiri. Tazameni: nachana. Natikisa. Kishike wewe, Mama. Subiri kidogo, usikirudishe. Umesikia? Anasema kina moto. Andikeni: Kindu, kivulini, wakati watu wengine wanajipepea kwa magazeti, kifaa kimefanya kazi. Kipitisheni. Asikilalie mtu wala asikibane kwenye ngozi tupu kwa muda mrefu, kwa sababu joto la nyuzi 50 halikuchomi kwa ghafla, linakuchoma ukiwa umesahau.

Na hapa naingia katika nadharia yangu mwenyewe. Naomba wamotari wazime kabisa.

Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, ya Mbelgiji Édouard Empain, ambaye mji wetu uliitwa kwa jina lake Port-Empain, ilianzishwa mwaka 1902. Mto ulikuwa haupitiki kutoka Kongolo kuja huku, kwa ajili ya maporomoko na ule mlango mwembamba wa mawe ambao Wazungu waliuita Lango la Jehanamu. Wakaweka reli, Kongolo hadi Kindu, kilomita 355. Imekuwapo tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, jua na mvua, mvua na jua. Treni tunaiona kwa nadra, kutu tunaiona kila siku. Sasa fuateni hesabu. Tuseme mita moja ya reli moja ina kilo 25 tu. Reli ni mbili: kilo 50. Zidisha kwa kilomita 355: tani 17,750 za chuma. Kilo moja ya chuma ikigeuka kutu yote inatoa joto la megajuli 7 na zaidi, robo ya joto la kilo moja ya makala. Linatosha kuchemsha lita 20 za maji. Kwa hiyo reli yetu, ikimalizika kuoza, itakuwa imetoa joto la kuchemsha lita milioni 355. Kilomita 355, lita milioni 355! Hesabu inapojitokeza mara mbili bila kuitwa, hiyo si bahati. Hiyo ni sheria ya maumbile, na nimeipa jina langu.

Mwanafunzi wa kemia amenyoosha mkono. Anasema imejirudia kwa sababu 50 mara 1,000 mara 20 ni milioni moja. Asante. Keti.

Hitimisho la kisayansi: watu husema Kindu ni moto kwa sababu ya ikweta. Ikweta ni mstari wa kuchora, hauna joto. Kindu ni moto kwa sababu ya reli, mashua zilizolala bandarini, mabehewa yenye nyasi, na mabati ya paa zetu. Tunaishi ndani ya kipasha-mikono kikubwa kuliko vyote duniani, tena cha bure. Tatizo letu ni moja tu: hatujakisaga.

Sijasema mtu akafungue reli! Papa Shefu, naomba iandikwe kwamba sikusema. Nilichofanya mimi ni kuomba vumbi la msumeno kwa mafundi wa kuchomelea. Nikatia chumvi ya sokoni, makala ya mbabula niliyoyatwanga, vumbi la mbao badala ya vermikulaiti, maji ya mto kijiko kimoja. Fundi cherehani akashona kifuko kutoka kwenye pazia. Kilipata joto, kweli kilipata, ingawa si la kujisifu nalo kama la Winnipeg, na suruali yangu ya Jumapili sasa ina ramani nyekundu mfukoni. Mwanafunzi wa kemia anasema makala yale hayakusagwa vya kutosha na chuma kilikuwa na mafuta ya mashine. Maoni yake yamesikiwa.

Ninachohitaji kwenu ni mtaji. Soko lipo: Winnipeg, Goma, na mji wa Moshi chini ya Kilimanjaro. Usafiri tutaupata treni ikija.

Swali la mwisho. Nani? Bibi wa kitenge cha kijani. Anauliza kama kitu hiki kinafaa kwa goti linalouma usiku. Bibi yangu, kwa heshima zote, goti ni jambo la nyumbani. Ni kweli Wajapani wana vyenye gundi, wanavibandika mgongoni na tumboni juu ya nguo, na joto hulegeza msuli uliokaza. Lakini mhadhara huu unahusu mikono na baridi, sitaki kuchanganya fani. Anasema hana baridi, ana goti. Akina mama, naomba utulivu. Mmoja mmoja. Na mama huyu anaulizia tumbo la mwezi? Ndiyo, wapo wanaolifanyia hivyo, lakini si mada.

Kikapu cha mchango kitapita. Kabla hamjaondoka, kile kifuko cha Winnipeg naomba kirudi mbele, kina saa saba zake bado, nikikifunga kwenye plastiki isiyoingiza hewa kitalala hadi kesho. Kilikuwa kwa wamotari. Kikaenda kwa nani? Kwa bibi? Bibi, naona umekifunga na kitenge juu ya goti. Ni mali ya utafiti, bibi. Hapana, siwezi kukuuzia, ni kimoja tu. Nani amesema kuna foleni? Mama Shefu, hata wewe?